Asidi Dhaifu na Kipimo Chake: Jinsi ya Kupata Ka kwa Kutumia pH

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, ambaye hakuumba kitu ila kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao. Ama baad.



Katika jarida letu la mwaka huu tumeona tuweke somo moja la Kemia. Huenda mzazi akauliza: Kemia imeingiaje katika jarida la madrasa? Tunamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, vijana wanaokuja madrasa jioni ndio haohao wanaokaa darasani asubuhi katika shule za sekondari za hapa Mpanda. Somo la asidi dhaifu huwasumbua wengi wao wanapofika kidato cha tano na cha sita. Wanafundishwa kwa Kiingereza, wanakariri fomula, na fomula ikigeuzwa kidogo tu kwenye mtihani wanakwama. Jambo gumu likielezwa kwa lugha ya nyumbani hupungua nusu ya ugumu wake.

La pili, somo hili ni somo la kipimo, na dini yetu imelipa jambo la kipimo uzito mkubwa. Sura ar-Rahman inataja mizani katika aya zake za mwanzo, na Sura al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja. Mwanafunzi akielewa vizuri namna ya kupima asidi, na akapima kwa uaminifu, amefanya jambo lenye uhusiano na dini yake hata kama kitabu alichoshika ni cha Kemia.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Neno alkali, linalotumika duniani kote kwa vitu vinavyopingana na asidi, limetokana na neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea fulani. Neno Kemia nalo limepita katika al-kimiya ya Kiarabu kabla ya kufika Ulaya. Na ile aljebra tutakayoitumia hapa chini imepata jina lake katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

1. UKALI NA WINGI NI VITU VIWILI

Tuanze na kosa linalofanywa na wengi. Mwanafunzi akiona pH ndogo husema, "Hii ni asidi kali." Akiona pH kubwa kidogo husema, "Hii ni asidi dhaifu." Kusema hivyo si sahihi, na hapa ndipo somo zima lilipo.

Chukua mfano wa jikoni. Mama mmoja ametia pilipili kichaa moja katika sufuria kubwa la mchuzi wa watu thelathini. Mwingine ametia pilipili za kawaida ishirini katika kisufuria kidogo. Ukionja michuzi hiyo miwili, huenda ulimi wako ukakuta inawasha sawasawa. Je, utasema pilipili zake zina ukali sawa? La. Pilipili kichaa ina ukali wa asili, ila ilikuwa moja tu. Zile nyingine ni za upole, ila zilikuwa nyingi.

Katika asidi kuna mambo hayohayo matatu. Ukali wa asili wa pilipili ni sawa na konstanti ya mtengano wa asidi, inayoandikwa Ka. Wingi wa pilipili ndani ya sufuria ni sawa na ukolezi wa asidi, yaani idadi ya moli katika lita moja ya mmumunyo. Na kile ambacho ulimi umekihisi ni sawa na pH. Kwa hiyo pH peke yake haiwezi kukueleza tabia ya asidi. Ni lazima ujue pH pamoja na ukolezi, ndipo uipate Ka.

Asidi kali ni ile ambayo ikiingia majini molekuli zake hutengana karibu zote na kutoa ioni za haidrojeni, H⁺. Mifano yake ni asidi ya haidrokloriki, ambayo Allah (s.w.) ameiweka katika matumbo yetu kwa ajili ya kusaga chakula, na asidi ya salfuriki iliyomo katika betri za magari na baadhi ya betri za sola. Asidi dhaifu ni ile ambayo molekuli zake chache tu hutengana, na nyingi hubaki nzima. Mifano yake ni asidi ya etanoiki iliyomo katika siki, asidi ya metanoiki wanayoitoa baadhi ya sisimizi, na asidi ya laktiki iliyomo katika maziwa mgando.

Ukichukua asidi ya etanoiki yenye ukolezi wa moli 0.10 kwa lita, katika kila molekuli 1,000 ni kama 13 tu zilizotengana. Nyingine 987 zimebaki kama zilivyo. Hiyo ndiyo maana ya neno dhaifu.

2. pH NI NINI?

Kipimo cha pH kilitolewa mwaka 1909 na mwanakemia S. P. L. Sørensen, katika maabara mjini Copenhagen, Denmark. Ioni za haidrojeni katika mmumunyo huwa chache sana, na kuandika 0.00132 au 0.0000001 kila mara kunachosha na kunaleta makosa. Yeye akatumia logi:

pH = −log [H⁺]

Mabano ya mraba maana yake ni "ukolezi wa" kitu kilichomo ndani. Kwa hiyo [H⁺] ni moli za ioni za haidrojeni katika lita moja. Kumbuka kwamba pH ikishuka kwa 1, ioni za haidrojeni zimeongezeka mara 10. Ikishuka kwa 2, zimeongezeka mara 100.

Sisi tunataka kurudi nyuma, kutoka pH kwenda [H⁺]:

[H⁺] = 10⁻ᵖᴴ

Mwenye kikokotoo cha sayansi atabonyeza na kupata jibu. Asiye nacho atumie kitabu cha majedwali, na njia ni nyepesi. Tuseme pH ni 2.88. Andika −2.88 kuwa −3 + 0.12. Tafuta antilogi ya 0.12 katika jedwali, utapata 1.318. Basi [H⁺] = 1.318 × 10⁻³, yaani moli 0.001318 kwa lita. Jizoeze njia hii mpaka uizoee, kwa sababu kikokotoo huishiwa betri.

3. Ka INATOKA WAPI?

Mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Sweden aliandika tasnifu yake kuhusu vitu vinavyotengana kuwa ioni vinapokuwa majini. Miaka minne baadaye, 1888, Wilhelm Ostwald akaonyesha kwamba mtengano wa asidi dhaifu unafuata kanuni moja inayoweza kuhesabiwa. Kanuni hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Tuiite asidi yetu HA. Ikiwa majini:

HA ⇌ H⁺ + A⁻

Mshale wa pande mbili una maana kwamba kazi inakwenda na kurudi. Molekuli zinatengana, na papo hapo ioni nyingine zinakutana na kuungana tena. Fikiria soko letu saa nne asubuhi: watu wanaingia na watu wanatoka, lakini ukihesabu waliomo ndani unakuta idadi ni ileile. Hali hiyo huitwa msawazo. Katika hali ya msawazo:

Ka = [H⁺] × [A⁻] ÷ [HA]

Sasa zingatia hapa. Kila molekuli moja ya HA inapotengana hutoa H⁺ moja na A⁻ moja. Kwa hiyo ikiwa hakuna kitu kingine ndani ya maji, [H⁺] na [A⁻] ni sawa. Tuviite vyote x. Na kama tulianza na ukolezi c, HA iliyobaki ni c − x. Tupange hivi:

Mwanzo: HA = c, H⁺ = 0, A⁻ = 0
Mabadiliko: HA = −x, H⁺ = +x, A⁻ = +x
Msawazo: HA = c − x, H⁺ = x, A⁻ = x

Ukiingiza katika fomula:

Ka = x² ÷ (c − x)

Haya ndiyo yote unayohitaji. Usiikariri fomula ya mwisho bila kuielewa ile mipango mitatu, maana mtahini hubadilisha swali, na mipango hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Ka ikiwa kubwa, asidi ina ukali zaidi. Ikiwa ndogo, asidi ni dhaifu zaidi. Vitabu vingi hutumia pia pKa, ambayo ni −log Ka. Hapo mambo hugeuka: pKa ndogo ndiyo ya asidi yenye ukali zaidi.

4. HATUA NNE ZA KUHESABU

Hatua ya kwanza: geuza pH kuwa [H⁺]. Hiyo ndiyo x.
Hatua ya pili: toa x katika ukolezi wa mwanzo, upate c − x.
Hatua ya tatu: tafuta x², yaani x mara x.
Hatua ya nne: gawanya x² kwa c − x.

Mfano wa kwanza. Asidi ya etanoiki yenye ukolezi wa moli 0.10 kwa lita ina pH ya 2.88. Tafuta Ka.

x = 10⁻²·⁸⁸ = 1.318 × 10⁻³
c − x = 0.10 − 0.00132 = 0.0987
x² = 1.737 × 10⁻⁶
Ka = 1.737 × 10⁻⁶ ÷ 0.0987 = 1.76 × 10⁻⁵

Linganisha na asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi uleule wa moli 0.10 kwa lita. Yenyewe hutengana yote, kwa hiyo [H⁺] ni kama 0.10 na pH yake ni kama 1. Wingi ni mmoja, tabia ni mbili.

Mfano wa pili. Asidi ya metanoiki yenye ukolezi wa moli 0.050 kwa lita ina pH ya 2.54. Tafuta Ka.

x = 10⁻²·⁵⁴. Andika −3 + 0.46; antilogi ya 0.46 ni 2.884. Basi x = 2.884 × 10⁻³
c − x = 0.050 − 0.00288 = 0.0471
x² = 8.318 × 10⁻⁶
Ka = 8.318 × 10⁻⁶ ÷ 0.0471 = 1.77 × 10⁻⁴

Hapa kuna jambo la kuangalia. Baadhi ya wanafunzi hupenda njia ya mkato: huacha kutoa x na kugawanya kwa c moja kwa moja. Ukifanya hivyo katika mfano huu utapata 1.66 × 10⁻⁴, na umekosea kwa karibu asilimia 6. Katika mfano wa kwanza mkato huo ungekukosesha kidogo tu, kwa sababu kilichotengana kilikuwa asilimia 1.3. Desturi ya vitabu vingi ni kwamba mkato unakubalika pale kilichotengana kisipozidi asilimia 5. Ushauri wetu ni kutoa x kila mara. Kutoa hakuchukui hata nusu dakika.

Unaona pia kwamba Ka ya asidi ya metanoiki ni kama mara kumi ya ile ya etanoiki. Zote mbili ni dhaifu, lakini udhaifu nao una daraja.

5. SIKI YA DUKANI

Sasa tuchukue kitu ambacho kila nyumba inakijua. Siki ni chakula chenye heshima katika dini yetu, katika hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Tuseme chupa imeandikwa asilimia 5, yaani gramu 5 za asidi ya etanoiki katika kila mililita 100. Katika lita moja zitakuwa gramu 50. Moli moja ya asidi hii ni gramu 60. Basi ukolezi ni 50 ÷ 60 = moli 0.833 kwa lita. Tuseme kipima-pH cha shule kimesoma 2.4.

x = 10⁻²·⁴ = 3.98 × 10⁻³
c − x = 0.833 − 0.004 = 0.829
x² = 1.585 × 10⁻⁵
Ka = 1.585 × 10⁻⁵ ÷ 0.829 = 1.9 × 10⁻⁵

Chukua sehemu moja ya siki hiyo, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ujazo ufike mara kumi. Ukolezi sasa ni 0.0833. Ukipima kwa chombo kizuri utakuta pH ni kama 2.92.

x = 10⁻²·⁹² = 1.202 × 10⁻³
c − x = 0.0833 − 0.0012 = 0.0821
x² = 1.445 × 10⁻⁶
Ka = 1.445 × 10⁻⁶ ÷ 0.0821 = 1.76 × 10⁻⁵

Tazama kilichotokea. Tumezimua siki mara kumi, pH imepanda, ladha imepungua ukali, lakini Ka imebaki palepale, ila kwa tofauti ndogo inayotokana na chombo. Ka haibadilishwi na maji. Kinachoibadilisha ni joto, na kwa asidi ya etanoiki hata joto la Oktoba la hapa Mpanda huibadilisha kidogo sana. Ndiyo maana ikaitwa konstanti.

Jambo la pili: asidi kali ikizimuliwa mara kumi pH hupanda kwa 1, lakini siki imepanda kwa kama nusu tu. Sababu ni kwamba molekuli zilizokuwa nzima zimepata nafasi ya kutengana zaidi. Mwanzo zilizotengana zilikuwa kama asilimia 0.5, baada ya kuzimua zimefika asilimia 1.4.

Kwa kuwa tumeitaja siki, tuseme neno moja la fiqhi. Siki ya asili hupatikana pale bakteria wanapotumia hewa kukigeuza kileo kuwa asidi ya etanoiki. Wanazuoni wamekubaliana kwamba khamri ikigeuka siki yenyewe, bila kuingiliwa na mtu, inakuwa tohara na halali. Ama ikigeuzwa kwa makusudi kwa kutiwa kitu ndani yake, wamekhitilafiana: madhehebu ya Imam Shafi'i, yanayofuatwa na wengi nchini mwetu, hayakubali, na madhehebu ya Imam Abu Hanifa yanaruhusu. Kemia inatueleza kilichotokea ndani ya chupa. Fiqhi inatueleza hukumu yake. Kila elimu ina mahali pake, na mwenye zote mbili huona mbali zaidi.

6. TAHADHARI

Kwanza, fomula yetu inafaa kwa asidi dhaifu moja, katika maji safi, yenye H⁺ moja ya kutoa. Usiichukue ukaipeleka kwenye kila kitu kichungu. Ndimu ina asidi ya sitriki, ambayo hutoa H⁺ kwa hatua tatu. Ukwaju una asidi ya tartariki, ambayo hutoa kwa hatua mbili. Asali ya misitu yetu, kama ile ya Inyonga, ina asidi nyingi ndani yake, kubwa ikiwa ya glukoniki, pamoja na sukari na madini. pH ya asali kwa kawaida huwa karibu na 4, na uasidi huo, pamoja na uchache wa maji, ni miongoni mwa sababu zinazoizuia isioze. Sura an-Nahl imetutajia kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Lakini ukipima pH ya asali huwezi kuhesabu Ka, kwa sababu hujui ni asidi ipi iliyotoa ioni ipi.

Pili, tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi zinazokula sehemu ya asidi, na hesabu yote itaharibika.

Tatu, neno dhaifu lisikudanganye. Dhaifu maana yake ni kutengana kidogo. Kutodhuru ni jambo jingine. Mji wetu ulifikiwa na reli kutoka Kaliua enzi za mkoloni kwa sababu ya madini ya risasi. Hiyo risasi, ikikaa pamoja na siki na hewa, huliwa polepole na kutoa chumvi yenye utamu ambayo ni sumu. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu katika vyombo vya risasi wakapata utamu huohuo, wasijue kuwa wanakunywa sumu. Basi achari, siki na maji ya ndimu viwekwe katika chupa ya kioo au chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Nne, na hili tunawaambia wazazi hasa: asidi ya betri isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, wala isikae rafu moja na siki. Kwa macho hazina tofauti kubwa na maji. Mtoto hawezi kusoma Ka kwa macho. Ikimwagikia ngozi, oshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu; ikinywewa, mtoto asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali mara moja.

7. KIPIMO NI AMANA

Tumefika kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote.

Rudia hesabu ya siki. Kipima-pH kilisoma 2.4 tukapata 1.9 × 10⁻⁵. Je, kingesoma 2.3? Tungepata 3.0 × 10⁻⁵. Kingesoma 2.5? Tungepata 1.2 × 10⁻⁵. Kosa la 0.1 tu katika pH limebadilisha jibu kwa zaidi ya nusu. Na anayetumia karatasi ya rangi inayosoma namba nzima tu, 2 au 3, atapata ama 1.2 × 10⁻⁴ ama 1.2 × 10⁻⁶. Tofauti ni mara mia moja. Hii ni kwa sababu pH ni logi, na x inazidishwa yenyewe kwa yenyewe; kosa dogo mwanzoni huwa kubwa mwishoni.

Mwanafunzi amepima akapata 3.0 × 10⁻⁵. Kitabu kinasema 1.8 × 10⁻⁵. Shetani anamnong'oneza: "Andika 1.8, nani atajua?" Wengi wameanguka hapo. Wanachukua jibu la kitabuni, wanarudi nyuma, wanatunga pH inayolingana nalo, na wanaliandika kana kwamba wamelipima.

Tukumbuke kisa kilichopokewa na Abu Hurayra (r.a.) katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuiweka hiyo iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamkana kila anayeghushi. Mtu yule hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Aliulizwa kwa nini ameficha. Vivyo hivyo mwanafunzi halaumiwi kwa chombo cha shule kuwa hafifu. Atalaumiwa kwa kuficha.

Andika ulichopata. Kisha andika chini yake: chombo kinasoma desimali moja tu, kwa hiyo jibu linaweza kuwa kati ya 1.2 na 3.0 mara 10⁻⁵. Sentensi hiyo moja ni sayansi ya kweli, na ni amana iliyotekelezwa. Kisha tafuta kilichosababisha tofauti: je, kipima-pH kilirekebishwa kwanza kwa mimumunyo ya pH 4 na pH 7? Je, maji yalikuwa safi? Je, ukolezi ulioandikwa kwenye lebo ni wa kweli? Kesho kijana huyuhuyu anaweza kuwa mfamasia, mpima maji au mkaguzi wa vyakula hapa Katavi. Aliyezoea kutunga namba ya siki atatunga na namba ya dawa.

8. MAZOEZI

(1) Asidi ya etanoiki yenye ukolezi wa moli 0.20 kwa lita ina pH ya 2.73. Tafuta Ka.

(2) Asidi ya laktiki, iliyomo katika maziwa mgando, ikiwa na ukolezi wa moli 0.10 kwa lita ina pH ya 2.44. Tafuta Ka na pKa.

(3) Asidi ya benzoiki, ambayo chumvi yake hutiwa katika baadhi ya vinywaji ili visiharibike, ikiwa na ukolezi wa moli 0.020 kwa lita ina pH ya 2.96. Tafuta Ka. Je, ni asilimia ngapi imetengana?

(4) Panga asidi za maswali haya matatu kuanzia yenye ukali zaidi. Je, mpangilio wako ungekuwa uleule kama ungetazama pH peke yake? Eleza kwa nini.

Majibu: (1) 1.75 × 10⁻⁵. (2) Ka 1.37 × 10⁻⁴; pKa 3.86. (3) 6.4 × 10⁻⁵, asilimia 5.5. (4) Laktiki, benzoiki, etanoiki. Kwa pH peke yake ungeweka etanoiki (2.73) mbele ya benzoiki (2.96), na ungekosea, kwa sababu ukolezi wa etanoiki ni mara kumi ya ule wa benzoiki.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, mkilisahau somo lote hili, msisahau mambo haya mawili. Usiihukumu asidi kwa pH yake kabla ya kuuliza wingi wake. Na ukishapima, sema ulichokiona.

Tunawanasihi wazazi wasiwazuie watoto wao, wa kiume na wa kike, kusoma masomo ya sayansi kwa kudhani yanawatoa katika dini. Mtoto akishika Qur'ani yake vizuri na akashika na kipimo chake vizuri, jamii yetu ya Mpanda itakuwa imepata watu wawili katika mtu mmoja: mtu wa ibada na mtu wa kazi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie ukweli katika maneno yetu na katika vipimo vyetu, na awafaulishe vijana wetu wote katika mitihani ya dunia na ya Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.